Fumo Liyongo Mbele ya Mashujaa wa Sinema

Wapo watu wanaoipima filamu kwa fedha zilizotumika kuitengeneza, na wapo wanaoipima kwa machozi waliyoyamwaga wakiitazama. Mimi nina mizani moja tu. Iwe ni filamu ya mapigano, ya mapenzi, ya kutisha au ya kuchekesha, humchukua shujaa wake nikamsimamisha bega kwa bega na Fumo Liyongo wa Pate, kisha nikauliza ni yupi atakayebaki wima. Ni mizani isiyo na huruma. Mashujaa wengi wa Hollywood na wa Bombay hutoka hapo wakichechemea.

Ndugu msomaji, hasa wewe mwalimu unayesomesha fasihi na wewe mwanafunzi unayemjua Liyongo kama swali la mtihani tu, niruhusu leo nikusimulie maisha ya mtu huyu kwa njia hiyo. Huenda ukacheka njiani, na kicheko si haramu. Lakini mwishoni mwa safari nina jambo ambalo si la kuchekwa.

Liyongo alikuwa mshairi, mpiga mishale na mwana wa ukoo wa kitawala katika pwani ya kaskazini ya Kenya. Masimulizi yanamweka kati ya kisiwa cha Pate, ambako magofu ya mji wa kale wa Shanga yangali yanaonekana, na nyika za bara kuelekea Ozi na Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini. Wataalamu hawajaafikiana juu ya zama zake. Wapo wanaomrudisha nyuma hadi kabla ya karne ya 13, na wapo wanaomsogeza mbele hadi karibu na karne ya 17. Habari zake zilipigwa chapa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili. Mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu, bingwa wa hati na wa nakshi za mbao, akazitungia utendi wa beti zaidi ya mia mbili, ambao baadaye ulihaririwa na Abdilatif Abdalla na kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1973. Kwa lugha ya watu wa sinema, basi, mswada wa filamu umekuwa tayari kwa zaidi ya miaka mia moja.

Tuanze na namna shujaa anavyoingia jukwaani, maana filamu mbovu hujulikana hapo. Katika utendi, Wagala, ambao leo huitwa Waoromo, walifika Pate kumzuru Sultani. Mazungumzo yakamfikia Liyongo, sifa zikamwagwa, na wageni wakatamani kumwona kwa macho yao. Akaitwa. Alipofika kwenye lango la mji alipiga baragumu kwa pumzi ambayo baragumu yenyewe haikuistahimili, ikapasuka. Watu wakatetemeka. Kisha akautua mfuko aliokuwa ameubeba begani, akaanza kutoa vilivyomo: kinu na mchi wake, jiwe la kusagia, vyungu, na mafiga ya kuvitelekea. Jamani, huyu mtu alisafiri na jiko zima! Katika filamu ya "Goldfinger" ya mwaka 1964, James Bond anapewa gari lenye kiti cha kumrusha abiria asiyetakiwa. Ni kifaa cha ajabu, sikatai, lakini hakiwezi kupika wali.

Wengine watanitajia Tarzan. Johnny Weissmuller, aliyemwigiza mwaka 1932, alikuwa muogeleaji mwenye medali tano za dhahabu za Olimpiki, na sifa hiyo simnyimi. Tatizo ni tembo wake. Walikuwa tembo wa Bara Hindi, waliobandikwa masikio makubwa ya bandia ili wafanane na ndugu zao wa Afrika. Mimi kama mwanaisimu nina lalamiko jingine. Mtu huyu aliyekulia katika misitu ya Afrika na kuelewana na kila mnyama, lugha ya kwanza ya binadamu aliyoanza kujifunza ilikuwa Kiingereza, tena siku alipofika mgeni wa kike. Liyongo aliishi na Waswahili, Wagala na wawindaji wa nyikani, na hakuna simulizi inayosema alihitaji mkalimani.

Wagala walipomwona walivutiwa naye mno, wakamwoza binti wao ili wapate mbegu ya mtu wa aina hiyo. Akazaliwa mtoto wa kiume. Mkumbuke mtoto huyu, tutarudi kwake.

Sifa za Liyongo zikaanza kumnyima Sultani usingizi. Mtawala anayesikia jina la mtu mwingine likiimbwa katika kila ngoma hawezi kulala vizuri, na hili si la Pate peke yake. Njama ya kwanza ilikuwa ya kuwatumia Wasanye na Wadahalo, wawindaji wa bara waliokuwa wakiishi naye msituni, wakaahidiwa fedha iwapo wangeleta kichwa chake. Walibuni hila ya kula makoma kwa zamu: kila siku mmoja apande mkoma awaangulie wenzake, na siku ya zamu ya Liyongo, akiwa juu ya mti bila silaha, apigwe mishale. Siku ilipofika Liyongo hakupanda. Alitwaa upinde wake akaziangua makoma kwa mishale kutoka chini, zikatosha watu wote. Wawindaji wakala wakanyamaza, kisha wakarudisha habari kwa Sultani kwamba kazi hiyo haiwezekani.

Mwaka 1985, katika filamu ya pili ya Rambo, Sylvester Stallone anatumia upinde wenye mishale inayolipuka, na kwa mshale mmoja anamgeuza adui kuwa moshi. Vijana wa wakati ule walishangilia hadi sauti zikakauka. Nawauliza: kati ya mtu anayelipua mwenzake kwa mshale na mtu anayewalisha kwa mshale wale wanaotaka kumuua, ni yupi mwenye shabaha zaidi?

Na kwa kuwa tumo msituni, nisiipite "King Solomon's Mines" ya mwaka 1950, iliyopigwa kwa sehemu hapa hapa Kenya. Deborah Kerr anachoshwa na nywele zake ndefu nyikani, anazikata kwa mkasi, na punde si punde zimekaa sawia kana kwamba ametoka kwa msusi mjini. Nimeisamehe filamu hiyo mambo mengi lakini si hilo. Msitu wa Liyongo ulikuwa na miiba.

Njama ya pili ikafaulu. Liyongo alishikwa akatiwa gerezani Pate, akafungwa minyororo, na hukumu ikawa ni kifo. Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wasogee karibu, kwa sababu sehemu hii ni somo la lugha. Mama yake alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada. Kila alipoleta chakula kizuri, walinzi walikila wao na kumwachia mfungwa makombo. Liyongo akatunga wimbo, akauimba mbele ya walinzi wale wale, akimwagiza Saada afikishe ujumbe kwa mama: aoke mkate wa wishwa, na ndani yake afiche tupa. Walinzi walisikia wimbo. Mama alisikia agizo. Mkate wa wishwa ulipofika, walinzi waliudharau, wakamwachia mwenyewe ale.

Kisha akaomba neno la mwisho la mtu anayekwenda kufa, kwamba ichezwe ngoma ya gungu karibu na gereza. Ngoma ikaja na matoazi, mabaragumu na vigelegele, naye akasaidia kuwafunza waimbaji nyimbo zake. Chini ya kelele hizo alikata minyororo kwa tupa. Gungu lilipopamba moto, mfungwa akatoka nje, na wachezaji wakatawanyika kila mmoja na roho yake.

Wapenzi wa sinema huitaja "The Shawshank Redemption" ya mwaka 1994 kuwa filamu bora ya kutoroka gerezani. Ni nzuri kweli, nami huitazama kila inapopita katika runinga. Mfungwa anachimba ukuta kwa kinyundo alichokificha ndani ya Biblia, na kazi inamchukua karibu miaka ishirini. Liyongo alimaliza kwa usiku mmoja, tena kukiwa na muziki! Lakini tofauti kubwa iko kwingine. Yule wa Marekani alijiokoa kwa siri na upweke. Wetu aliokolewa na wanawake wawili, mmoja aliyeoka na mmoja aliyebeba, na umati mzima uliocheza bila kujua unachokificha.

Katika filamu za Kihindi, ambazo nyimbo zake zimeingia katika taarabu ya pwani yetu hata watu wakasahau zilikotoka, mama ndiye mhimili wa hadithi. Kilele chake ni "Mother India" ya mwaka 1957, ambamo Nargis, mama aliyeteseka kwa ajili ya watoto wake, anampiga risasi mwanawe mwenyewe ili kulinda heshima ya kijiji. Nilipoitazama mara ya kwanza nilimfikiria mama wa Liyongo. Yeye alichagua upande mwingine: kati ya amri ya mtawala na mwanawe, alichagua mwanawe, na silaha yake ilikuwa unga. Sisemi yupi kati ya mama hawa ni bora. Nasema tu kwamba mwalimu akiwaweka wawili hao mbele ya darasa, kipindi hakitatosha.

Sasa turudi kwa mtoto. Alikua akawa kijana mzuri wa umbo, na watu wa Sultani wakamzunguka. Aliahidiwa cheo na binti wa mfalme iwapo angepata siri ya baba yake: ni kitu gani kinachoweza kumuua? Kijana akaenda msituni akamwuliza baba. Liyongo hakuwa mjinga, na masimulizi yanaonyesha kwamba alihisi swali lilikotoka. Hata hivyo alimjibu: silaha nyingine hazimdhuru, ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni.

Udhaifu wa aina hii si wa Pate pekee. Mwaka 1924, sinema ikiwa bado bubu, Fritz Lang wa Ujerumani alitengeneza "Die Nibelungen", ambamo Siegfried hadhuriki ila mahali pamoja mgongoni palipofunikwa na jani la mti, na mkewe ndiye anayeishona alama ya kuwaonyesha maadui. Mwaka 1949 Samson wa Cecil B. DeMille akazitoa siri za nywele zake kwa Delilah, na kwa kuwa Delilah huyo alikuwa Hedy Lamarr, ukumbi mzima ulimwelewa. Mwaka 2004 Brad Pitt alipigwa mshale wa kisigino katika "Troy", baada ya kutuonyesha misuli yake kwa karibu saa tatu. Ukiwapanga watu hawa utaona jambo: siri ya shujaa haitolewi na adui, hutolewa nyumbani. Lakini Samson alisalitiwa na mpenzi, na mke wa Siegfried alidanganywa. Kuuawa na mwana, tena kwa siri uliyompa mwenyewe kwa kuwa hukuweza kumnyima, ni uchungu ambao sinema hizo zote hazikuufikia.

Kijana alirudi na sindano ya shaba. Inasimuliwa kwamba alisita, kwani alipomwona baba amelala mkono haukumtii upesi. Mwishowe akamchoma kitovuni, akakimbia. Liyongo akazinduka kwa maumivu, akatwaa upinde na mshale, akaenda hadi kisimani, akapiga goti, akauvuta upinde kama anayelenga. Akakata roho katika hali hiyo.

Watu waliokuja kuchota maji walimwona kwa mbali amepiga goti na mshale ukiwa tayari. Hakuna aliyethubutu kusogea. Siku zikapita na mji ukashikwa na kiu. Wakamwendea mama yake, naye akaja akambembeleza kwa nyimbo, akidhani mwanawe amekasirishwa na watu. Hakujibiwa. Mpaka mwili ulipoanguka ndipo ikajulikana kwamba mji ulikuwa umezuiwa maji na maiti. Katika "El Cid" ya mwaka 1961, maiti ya Charlton Heston inafungwa juu ya farasi na kutolewa langoni, na jeshi la adui linakimbia. Ni tukio la fahari, lenye kinanda na bendera. Lakini El Cid alifungwa na watu wake. Liyongo alijishikilia mwenyewe.

Kuhusu kijana, masimulizi yanahitilafiana juu ya namna alivyokufa, lakini hakumpata binti aliyeahidiwa, na hakuishi sana. Liyongo, kwa mujibu wa wenyeji, alizikwa Ozi, karibu na Kipini.

Hayo ndiyo maisha yake. Sasa lile jambo lisilochekesha.

Naamini kwamba ipo siku tajiri mmoja wa mbali atagundua hadithi hii na kuigeuza kuwa filamu kubwa. Sina wivu naye. Hofu yangu ni ulimi atakaompa Liyongo. Tumeshaona mifano. Mwaka 1962 John Wayne alikwenda Tanganyika kukimbiza vifaru, wa porini si wa jeshi, katika filamu iliyoitwa "Hatari!"; walichukua neno letu wakaliongezea alama ya mshangao, na kazi ya lugha ikaishia karibu hapo. Katika "Out of Africa" ya mwaka 1985, Robert Redford anamwigiza Mwingereza wa ukoo wa kilodi kwa lafudhi ya Kimarekani isiyotikisika tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1994 "The Lion King" ilimpa simba jina la Simba, fisi akaitwa Shenzi, na ngiri akapewa kitenzi, Pumbaa, badala ya nomino. Mwaka 2018 "Black Panther" ilitujengea nchi ya kubuni katika upande wetu huu wa Afrika, kisha wananchi wake wakazungumza Kixhosa cha kusini kabisa. Kixhosa ni lugha tamu, na nilifurahi kuisikia ikiheshimiwa. Lakini ni sawa na kutengeneza filamu ya Waarabu wa Muscat wakizungumza Kireno.

Liyongo alizungumza lugha ya kaskazini, iliyo jamaa ya Kipate na Kiamu, si hiki Kiswahili sanifu ninachokiandika hapa. Tofauti hiyo si pambo. Kwa Mwamu, kucheka ni kuteka. Basi watu wa kisimani siku ile hawakuweza kuteka kwa maana zote mbili, na mzaha huo mchungu unapotea mara tu unapokisanifisha kisa. Wawindaji wa makoma nao walikuwa na lugha zao. Kidahalo, lugha ya Kikushi yenye sauti za vidoko ambazo ni nadra sana Afrika Mashariki, wazungumzaji wake leo wanahesabiwa kwa mamia, na watoto wengi wa jamii hiyo wanakulia katika Kiswahili. Ikiwa filamu itachelewa, huenda asipatikane wa kuwatamkia wawindaji wale hata sentensi moja.

Halafu yuko Saada. Katika filamu nyingi nilizozitaja, mtumishi hubeba sinia, huinama, hutoka. Saada alibeba wimbo na tupa mbele ya watu waliokuwa na mapanga. Angegunduliwa, hakuwa na ukoo wa kumtetea wala upinde wa kujikinga. Tumemtungia Liyongo vitabu na tasnifu, naye tumemwachia jina tu. Mtengeneza filamu wa mbali atamfanya kichekesho, au atamfuta ili aokoe dakika tatu. Iwapo sisi wenyewe hatumfundishi, tutamlaumu kwa lipi?

Kwa hiyo, walimu wenzangu, msingoje Hollywood. Nyimbo zinazonasibishwa na Liyongo zimekusanywa na kuchapishwa na wataalamu mwaka 2004, na utendi wa Kijumwa unapatikana. Wapeni wanafunzi sehemu za kuigiza: mmoja awe mlinzi anayeudharau mkate wa wishwa, mmoja awe mama kisimani, na yule mwenye sauti nzuri kuliko wote awe Saada. Wanafunzi wa Faza, Siyu, Pate na Lamu waachwe waigize kwa lafudhi ya nyumbani bila kusahihishwa. Na yeyote mwenye simu yenye kamera, ambayo siku hizi haikosekani hata katika darasa lililokatazwa simu, aipige michezo hiyo picha, pamoja na wazee wanaozijua nyimbo zenyewe, wangali wana pumzi ya kuziimba.